Kibonde na Fundi Kwenye Reli Moja

Wilaya ya Tarime haina reli. Serengeti nayo haina. Kwa miaka mingi tumesikia habari za reli itakayotoka Tanga, ipite Arusha, ifike Musoma, na wazee wetu waliisikia habari hiyohiyo kabla yetu. Mpaka leo mtoto wa huku anayetaka kuliona garimoshi kwa macho yake sharti apande basi mpaka Mwanza, ambako reli ilifika mwaka 1928, au avuke mpaka pale Sirari aende Kisumu, ambako ilifika mwaka 1901. Hata hivyo, mjini Tarime wapo vijana ambao wakisikia neno "breki" hawafikirii bodaboda. Wanafikiria treni. Mimi ni mmoja wao, na nataka kueleza ugomvi uliotaka kutuvunjia kijiwe chetu, maana naamini hata wewe ndugu msomaji unao ugomvi wa namna hiyo mtaani kwako, ingawa kwenu huenda unaitwa jina jingine.

Kijiwe chenyewe ni chumba kimoja cha kupanga, nyuma ya safu ya maduka. Mwenyewe alianza na runinga mbili za gemu la mpira. Baadaye akapata kompyuta nne za mtumba, akaziunganisha kwa waya, na fundi mmoja aliyepita njia akamwekea gemu la treni. Mimi nashika daftari. Naandika nani kaingia saa ngapi, kalipa nini, katoka saa ngapi. Malipo yangu ni kucheza bure saa moja kwa siku, pamoja na meza ya kona ambapo naandika riwaya yangu wakati wateja ni wachache. Nusu saa ya treni ni shilingi 500.

Programu tunayotumia inaitwa Open Rails. Inapatikana bure, na inaendesha reli zilizochorwa kwa ajili ya Microsoft Train Simulator, gemu lililotoka mwaka 2001. Kwa hiyo ni kongwe kuliko wateja wetu wengi. Sifa yake ni mbili. Kwanza, halidai kompyuta ya nguvu. Pili, watu kadhaa wanaweza kuendesha treni tofauti kwenye reli moja kwa wakati mmoja, iwe kwa intaneti, iwe kwa waya wa chumbani kama sisi. Kompyuta moja inakuwa mwongozaji: inaona ramani nzima, inabadilisha njia, inashika taa. Anayeikalia hiyo tunamwita stesheni masta.

Reli tunayoipenda kuliko zote ni ile ya Hisatsu, katika kisiwa cha Kyushu, Japani. Ni njia moja tu, imepita milimani, inajizungusha kama nyoka, na kuna stesheni iitwayo Okoba ambapo treni inapanda mlima kwa kwenda mbele, kisha kurudi nyuma, kisha mbele tena. Reli yenyewe ya kweli ilipigwa na mafuriko ya Julai 2020, na tangu hapo treni hazijapita tena kwenye sehemu ile ya mlimani. Basi fikiria: Wajapani hawapiti, lakini kila jioni mtoto wa Tarime anapita.

Sasa tuje kwenye shina la ugomvi.

Kwenye gemu la mpira, kibonde hamsumbui mtu. Anakaa, anashika pedi, anafungwa 6-0, anapisha. Sheria ya vibanda vyote ni moja: anayefungwa anatoka, mshindi anabaki. Hasara ni ya kibonde mwenyewe, shilingi zake zimekwenda kwa dakika kumi. Fundi hajapoteza kitu, tena amefurahi. Treni si hivyo. Kwenye njia moja, treni zinapishana stesheni tu, penye njia ya kupishania. Wewe ukichelewa kufika Okoba, mimi ninayekungoja nimechelewa, na yule anayeningoja mimi kule mbele naye amechelewa. Ukipita taa nyekundu ukaingia njia yangu, tumetazamana pua kwa pua, na stesheni masta hana tena la kufanya ila kuanza upya. Watu watatu wamelipa nusu saa, nusu saa imekufa kwa kosa la mmoja.

Na kosa lenyewe ni rahisi mno kulifanya. Treni haisimami kama bodaboda. Breki zake ni za upepo, jambo ambalo madereva wa malori wa Sirari wanalielewa upesi kuliko sisi. Kuna bomba la upepo linalopita kwenye mabehewa yote. Dereva akipunguza upepo bombani, breki zinashika, akiurudisha, zinaachia. Lakini kushika kunachukua muda na kuachia kunachukua muda zaidi. Fundi anaanza kupunguza mwendo kabla hata hajaiona stesheni, kwa sababu anaikumbuka kona, anaukumbuka mteremko. Kibonde anangoja mpaka aone taa. Akiona, anashtuka. Akishtuka, anabana kila kitu, na treni inaendelea kuteleza taratibu kabisa, kama mtu anayekukonyeza, mpaka ng'ambo ya taa nyekundu.

Ndipo mafundi wetu wakachoka. Walikuwa watano. Mmoja ni dereva wa bodaboda, mwingine anauza vipuri vya simu, wawili tulimaliza nao kidato cha nne mwaka mmoja, wa tano ni mwalimu wa kujitolea wa hesabu. Hawa watu si wa mchezo. Mwalimu alikuwa amechora ratiba ya treni zote kwenye karatasi ya grafu, mistari inapandana kama kimia. Wao ndio waliokuwa wakilipa kila siku bila kukopa. Wakamwendea mwenye kibanda, wakamwambia, "Bosi, chagua. Sisi au hawa madogo."

Nisiwaonee. Hoja yao ilikuwa na uzito. Mtu amekaa juani kutwa nzima anabeba abiria, amebaki na shilingi 500 ya starehe, na starehe yake ni kufika Yoshimatsu kwa wakati. Ana haki ya kuipata. Tukimwambia avumilie madogo kila siku, maana yake tunamtoza yeye ada ya shule ya watu wengine.

Mwenye kibanda akakubali. Likabandikwa tangazo mlangoni: asiyeweza kuendesha treni safari tatu bila kupita taa nyekundu hataruhusiwa kuingia kwenye reli ya pamoja. Safari hizo tatu atazifanya peke yake, kwenye kompyuta ya nne, kwa fedha yake.

Naweza kukuambia kilichofuata kwa sababu kimo katika daftari. Wiki ya kwanza reli ilinyooka. Treni zilipishana kwa dakika na sekunde, mafundi wakawa wanacheka kama watu waliolipwa mshahara. Wiki ya pili ilikuwa hivyohivyo. Wiki ya tatu muuza vipuri akahamia Mwanza. Wiki ya tano mmoja wa wale wawili niliomaliza nao shule akaenda Nyamongo kutafuta maisha, na ninyi mnaoishi mbali mnapaswa kujua kwamba kijana wa huku akisema anakwenda Nyamongo kutafuta maisha, mama yake halali. Wakabaki watatu. Kompyuta ya nne, ile ya mtihani, ilikuwa na vumbi. Dogo mmoja aliifanya mara mbili, akashindwa, akaona afadhali hiyo 500 anunue chipsi. Hakuna aliyefaulu, kwa sababu hakuna aliyekuwa akifundishwa. Mwenye kibanda akaanza kupiga hesabu ya kuziuza kompyuta anunue meza ya puli.

Sisi wengine tulishtuka. Chumba kile kikifungwa, hatuendi maktaba, kwa sababu karibu nasi haipo. Tunakwenda barazani, na barazani kuna mambo yake.

Nikaanza kuuliza watu: huko kwingine, fundi na kibonde wanatenganishwaje?

Jibu la kwanza nililipata kwa wazee wa bao. Bao la Kiswahili, lile la mashimo 32 na kete 64, ni mchezo mgumu kwelikweli. Unapoanza, kila mchezaji anakuwa na kete kumi ubaoni: sita katika nyumba, mbili na mbili katika mashimo mawili jirani. Kete nyingine 22 zimo mkononi, na kila zamu unaingiza moja, unanamua, mpaka zikiisha ndipo mnaingia kwenye mtaji. Mgeni hapo anapotea kabla hajakaa vizuri. Lakini watu wa zamani hawakumfukuza mgeni chini ya mti. Walitengeneza bao la kujifunza. Ubao ni uleule, kete ni zilezile 64, ila zinapangwa mbilimbili katika kila shimo na mnaanza na mtaji moja kwa moja, bila namu. Kibonde anajifunza kuhesabu, kula na kuzungusha kete kabla ya kubebeshwa mzigo wa nyumba na namu. Ukitazama vizuri utaona wamefanya jambo la akili: wametenganisha mchezo, hawakutenganisha watu. Mtoto bado amekaa chini ya mti uleule, anasikia mafundi wanavyotaniana, anaona mkono unavyokwenda.

Na kukaa chini ya mti uleule kuna faida ambayo hakuna mtihani unaoweza kuitoa. Mkoani kwetu husimuliwa kwamba Mwalimu Nyerere alipokuwa mtoto pale Butiama, Mtemi Makongoro wa Ikizu, rafiki wa baba yake, alicheza naye bao, akaiona akili ya yule mtoto, akamshauri Mtemi Nyerere Burito ampeleke shule. Mwaka 1934 mtoto akaanza Shule ya Mwisenge, Musoma. Sasa, lau kama Butiama pangekuwa na tangazo mlangoni kwamba watoto wacheze na watoto na watemi wacheze na watemi, yule mgeni wa Ikizu angeijuaje akili ya mtoto wa mwenzake?

Jibu la pili nililipata kwa watu wa sataranji. Huko Marekani alikuwepo profesa wa fizikia, mzaliwa wa Hungaria, aitwaye Arpad Elo. Yeye alitunga hesabu ya kumpa kila mchezaji namba. Ukimshinda mtu mwenye namba kubwa, yako inapanda sana. Ukimshinda kibonde, inapanda kidogo tu. Tofauti ikiwa 200, mkubwa anategemewa kupata kama pointi 76 katika kila 100; ikiwa 400, kama 91. Shirikisho la sataranji la dunia liliipokea hesabu hiyo mwaka 1970, na leo magemu mengi ya intaneti yanatumia hesabu za ukoo huo kumtafutia mtu mpinzani wa kimo chake, bila kumwuliza jina wala umri.

Mwalimu wetu wa hesabu aliipenda mno. Akataka tuifungulie ukurasa katika daftari. Lakini tukakwama sehemu mbili. Kwanza, hesabu ile inapima mtu dhidi ya mtu, na kwenye treni hatushindani. Mimi na wewe tukipishana vizuri Okoba, nani ameshinda? Pili, dereva wa bodaboda akasema jambo ambalo kila aliyewahi kusimama kwenye meza za puli analijua. Akasema, "Mura, ukiweka namba, watu watajificha nyuma ya namba." Yaani yule fundi anayejifanya hajui, anakosa mipira ya wazi kwa makusudi, mpaka vibonde wanaweka hela mezani, kisha anawafyeka. Tenga watu kwa alama, na papo hapo utakuwa umemwonyesha mjanja mahali pa kwenda kuwinda.

Jibu la tatu lilikuwa barabarani siku zote, ila tulilizoea. Pale Sirari malori yanangoja kuvuka, na katika kila lori kubwa yuko dereva na yuko utingo. Utingo anafunga turubai, anapika chai, anaweka kigingi chini ya tairi. Pia anatazama. Miaka miwili, mitatu, anatazama mguu wa dereva. Siku moja, njia ikiwa nyeupe na hakuna mteremko, dereva anamwambia shika. Hakuna anayempa utingo lori mlimani siku ya kwanza, na hakuna anayemwambia akajifunze peke yake halafu arudi.

Reli ya kweli nayo haimwachi mgeni peke yake. Nchi yetu ina Chuo cha Reli Tabora kwa kazi hiyo. Na wanaofikiri ukali huo ni mbwembwe wakumbuke tarehe 24 Juni 2002. Treni ya abiria iliyokuwa na watu zaidi ya 1,000 ilishindwa kushikilia mlima mkoani Dodoma, ikarudi nyuma kwa kasi, ikagongana na treni ya mizigo pale Igandu. Watu 281 walikufa. Sisi tunabonyeza kitufe tunaanza upya. Tangu niisome habari hiyo, simcheki tena kibonde anayeshtuka akiona taa nyekundu. Namcheka asiyeshtuka.

Basi tukiwa katikati ya mawazo hayo, wakaja watu wa Mugumu.

Kisa chao ni hiki. Dada mmoja wa Mugumu, wilayani Serengeti, alikuwa Tarime akijifunza kushona. Alikuwa akipita kibandani, akacheza mara chache kabla ya lile tangazo. Tangazo lilipobandikwa hakubishana. Akaja na flashi, akaomba programu, mwenye kibanda akamnakilia, naye akaenda nayo kwao. Kule wakapata kompyuta mbili kwa ndugu mwenye stesheneri. Hawakuwa na fundi hata mmoja. Wote vibonde watupu, tena wawiliwawili kwenye kompyuta moja kwa sababu wachezaji walikuwa wengi kuliko viti. Mmoja anashika vitufe, mwenzake anatazama njia na kutangaza kwa sauti: "Njano! Kona! Nyekundu, nyekundu hiyo, bana!"

Walipotutembelea, mafundi wetu walicheka mpaka wakashika mbavu. Treni inakwenda kilomita 40 kwa saa, inapiga honi kila mahali, na dereva wake anapigiwa kelele kama mtu anayeegesha fuso. Lakini mimi nilikuwa na daftari. Jioni ile watu wa Mugumu walifanya safari nne. Walichelewa zote. Taa nyekundu hawakupita hata moja. Mafundi wetu watatu, siku hiyohiyo, walipita moja.

Baadaye nikasoma kwamba madereva wa treni wa Japani, wenye reli yao wenyewe tunayoichezea, wanafundishwa kufanya vilevile: kuinyooshea taa kidole na kuitaja kwa sauti, hata kama wako peke yao. Ni utaratibu wa kazi. Jicho linaweza kuona bila akili kujua, lakini mdomo ukisema, akili inaamka. Wale vibonde wa Mugumu walilifikia jambo hilo kwa sababu ya uhaba wa viti. Mafundi wetu wasingelifikia kamwe, maana fundi akishakuwa fundi ananyamaza.

Hapo ndipo hata mwalimu wa hesabu alipolegea. Tukakaa kikao, tangazo likabanduliwa, na tukapanga utaratibu ambao mpaka naandika haya bado unafuatwa. Nauandika hapa kwa yeyote mwenye kibanda.

Siku za kawaida reli ni ya wote. Kibonde anapewa treni ya kusimama kila stesheni, yenye ratiba ya kulegea, na inaondoka baada ya treni ya fundi, siyo mbele yake. Akichelewa, anajichelewesha mwenyewe. Pembeni yake anakaa mtu wa kumtajia taa, na huyo halipi. Kiti cha stesheni masta kinashikwa na fundi kwa zamu, naye pia halipi. Kiti hicho mwenye kibanda alikibishia kwa wiki nzima, akisema ni shilingi 500 zinazopotea kila nusu saa. Tulimwonyesha daftari: kiti kimoja cha bure kinaleta viti vitatu vya kulipa. Nami naona hilo ndilo kosa la vijiwe vingi. Tunataka mafundi wafundishe kwa moyo, halafu moyo ukiisha tunawaita wachoyo. Kufundisha ni kazi. Ipe kazi ujira wake, hata kama ujira ni nusu saa ya gemu.

Kisha tukawapa mafundi siku yao, Alhamisi usiku kuanzia saa mbili, reli kavu, ratiba ya mwalimu, hakuna mgeni. Tukadhani tumemaliza.

Mwezi mmoja baadaye yule dada wa Mugumu alirudi Tarime. Wakati huo alikuwa hana tena ukibonde. Alikuwa stesheni masta mzuri kuliko sisi sote, maana aliyezoea kupima kitambaa mara tatu kabla ya kukata hakurupuki kubadilisha njia. Akauliza, "Siku ya mafundi ni lini?" Tukamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Saa mbili usiku mimi niko wapi, kaka zangu?"

Hatukuwa na jibu. Anakaa kwa shangazi yake, na shangazi hafungui mlango baada ya saa moja na nusu. Wale madogo wawili waliokuwa wameanza kuiva nao usiku hawaruhusiwi. Tulikuwa tumetenga watu kwa ufundi, kumbe saa ndiyo iliyokuwa ikitenga, na ilikuwa ikiwatenga wanaoweza kutembea usiku na wasioweza. Daftari langu lilionyesha mafundi ni wanaume wazima watupu, na mtu asiyejua angedhani treni ni kipaji cha wanaume wazima. Siku ya mafundi sasa ni Jumapili saa tisa alasiri. Idadi yao imefika saba.

Nimeandika haya katika gazeti la waandishi chipukizi kwa makusudi. Sisi nasi tuna reli yetu. Kila siku nasikia mabishano yaleyale: je, chipukizi wapewe ukurasa wao pembeni, au waingie kwenye mizani moja na wakongwe? Wapo wanaosema asiyejua kuandika asituharibie gazeti. Wana hoja, kama walivyokuwa nayo mafundi wetu; msomaji naye amelipa, ana haki ya kufika. Wapo wanaosema kila kitu kichapwe, kila mtu ni mwandishi. Hao wanataka treni zote zitazamane pua kwa pua.

Mimi nasema tujifunze kwa bao na kwa utingo. Ubao uwe mmoja. Kibonde apewe kazi ya kimo chake, kisa cha kurasa tatu kabla ya riwaya ya kurasa mia tatu, lakini kitoke katika gazeti lilelile wanamoandika wakubwa, ili wakubwa wakione. Na mlango usifungwe kwa mtihani ambao hakuna anayefundishwa kuufanya. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa letu hilihili, alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971 akiwa bado na miaka ishirini na kitu. Kuna mhariri aliyemwachia kijana njia kuu. Na huwezi kujua ni nani wa kuachiwa njia kuu kama hujawahi kukaa naye chini ya mti mmoja.

Ila mhariri naye alipwe. Na anayesoma miswada ya wenzake usiku kucha, akiweka alama pembeni, akitaja taa kwa sauti, "hapa nyekundu, hapa kona," naye apewe kiti chake cha bure. Kwetu kiti hicho kipo, kompyuta ya nne, ile iliyokuwa ya mtihani. Haina vumbi tena, na kuipata siku ya Jumapili ni lazima uwahi.